Hatua 19 kutoka kitini

Mashangazi wa bibi harusi walikuwa watano, wote kitenge kimoja cha bluu, na niliwaona vizuri kwa sababu ukumbi ulikuwa mdogo na mimi nilisimama mbele kabisa na gitaa langu. Ilikuwa mwaka 2008, Jumamosi jioni, Katuba, hapa kwetu Lubumbashi. Nikaanza rumba ya polepole, ya kufungulia dansi. Nilikuwa na nyuzi mpya, amplifaya ya kuazima, na kisanduku cha mwangwi nilichonunua wiki ileile. Nilitaka kisikike mpaka Ruashi, komini nyingine ya mji wetu.

Mashangazi wakainuka. Wakafika katikati ya ukumbi, leso mkononi. Mimi bado niko kwenye intro, ule mwanzo wa gitaa kabla ya kuimba. Nikapanda juu ya shingo ya gitaa, nikashuka, nikatafuta njia nyingine ya kupanda. Mashangazi wakasimama. Mmoja akafungua kitenge chake akakifunga upya, kama mtu anayengoja taxi-bus. Nasikia mpiga ngoma alikuwa akinitazama muda wote huo akisubiri ishara, lakini mimi nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, watatu kati ya wale watano walikuwa wamesharudi vitini na mmoja alikuwa anakula.

Mwimbaji naye aliingia chini mno. Katika kupanda na kushuka kwangu nilikuwa nimemwacha kwenye sauti ambayo si ya wimbo, akashika aliyoiona karibu. Ubeti wa kwanza ukaenda hivyo, yeye anatafuta ngazi na sisi tunajifanya hatusikii.

Usiku, tukikunja waya, yule mwimbaji, kijana mpole sana, akaniambia bila hasira: "Yaya, ulituacha ku mulango." Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Nilinuna wiki nzima. Kwa mawazo yangu nilikuwa nimepiga vizuri kuliko siku zote, na kwa vidole tu, labda kweli. Lakini umeshawahi kuona mgeni anayepiga hodi, anajibiwa karibu, naye anaendelea kupiga hodi? Wenye nyumba wanatazamana. Ndivyo walivyotazamana wale mashangazi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimefundishwa, tena nikiwa mtoto, na mtu aliyejua.

Alikuwa mzee wa Kamalondo, mstaafu wa reli, na tulimwita Papa kama tunavyowaita wanaume wote wa umri wake. Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 11. Gitaa lake lilikuwa na nyuzi tano, na mbili kati ya hizo alizitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli, akaufumua uzi mmoja mmoja. Kapo yake, kile kibanio cha shingoni kinachopandisha sauti ya nyuzi zote, ilikuwa penseli iliyofungwa kwa mpira wa tairi la ndani. Sisi watu wa Lubumbashi husema "kupika gitare", maana kwetu kupiga na kupika hutamkwa sawasawa, na ndugu zetu wa Dar es Salaam wakisikia hucheka na kutuuliza tunalila na nini. Wacha wacheke. Yule mzee alikuwa anapika kweli, moto mdogo, bila haraka.

Miezi mitatu hakuniruhusu kumaliza wimbo hata mmoja. Nilianza tu. Napiga mwanzo, nakaribia mahali pa kuimba, ananyoosha kidole: rudia. Niliona ni ukatili. Wenzangu wa mtaani walikuwa wameshajua nyimbo nzima mbili tatu, mimi najua milango tu, nyumba sina.

Mtihani wake ulikuwa mmoja. Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi mama aliyetwanga sombe, majani ya muhogo, kila jioni, na kinu chake kilisikika mpaka kwetu: du, du, du, mwendo wa mtu anayefikiri mambo yake. Papa alinikalisha kwenye kigoda, mgongo kwa ukuta, akasema: "Sikiliza muchi. Ukianza, na muchi haugeuki, haujaanza bado."

Nikajaribu haraka haraka, vidole vikikimbia. Mchi haukujali. Nikajaribu kwa nguvu. Yule mama akaniita kwa jina kutoka uani na kuniuliza kama wazazi wangu wako nyumbani. Nikajaribu vitu vya huzuni, vitu vya kanisani, kipande nilichokisikia redioni kikanishinda katikati. Wiki zikapita. Sombe ilitwangwa, ikapikwa, ikaliwa.

Siku moja nilikuwa nimechoka, sijaribu chochote. Nikapiga noti nne tu, polepole, kidole gumba kikigonga uzi wa chini kati ya noti na noti, nikazirudia kwa sababu sikuwa na zingine. Mara ya pili nikazirudia tena. Mara ya tatu mchi ukaangukia juu ya gumba langu. Haukuangukia karibu nalo, ulikuwa juu yake kabisa. Mama yule hakujua kitu, alikuwa anazungumza na mtoto wake huku akitwanga, lakini mkono wake ulikuwa umehama, umekuja kwangu. Papa alicheka mpaka akakohoa. "Njo bile," akasema, yaani ndivyo hivyo. "Sasa unaweza kuimba."

Sikuelewa vizuri wakati ule nilichokuwa nimekifanya. Leo ningekieleza hivi: mara ya kwanza msikilizaji anasikia kuna jambo. Mara ya pili analitambua. Mara ya tatu yumo ndani, na mwili wake umeshajua noti ya nne itaangukia wapi kabla haijaanguka. Kazi ya intro ni kumfikisha mtu kwenye ile mara ya tatu. Wako wanaomfikisha kwa mara moja tu, lakini hao ni wachache na wengi wao wamekufa. Na kinachomvuta si noti za juu, zile tunazojionyesha nazo. Ni gumba. Wapiga gitaa vijana hawapendi kusikia hivyo, nami sikupenda.

Papa alikuwa na mfano wake, na kila mtu wa huku angeutaja uleule: Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wa kabila la Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka kusini mwa Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Mwenda alikuwa kijana wa miaka 22. Katika alivyorekodi kuna wimbo wa Masanga, na tangu hapo watu wa nchi nyingi wamekaa na gitaa wakijaribu kujua yule bwana alikuwa na vidole vingapi. Jibu ni viwili, gumba na cha shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinazungumza kwenye nyembamba, na wala hawaendi pamoja: mmoja anafika, mwingine ndiyo kwanza anaondoka. Mtu anayesikia mara ya kwanza hudhani wako wawili. Hakuna ngoma, na hakuna anayeihitaji.

Papa alinipigia Masanga mara nyingi kwa zile nyuzi zake tano, na kila mara aliniuliza intro inaishia wapi. Nikisema hapa, anasema hapana. Nikisema pale, hapana. Mwishoni nilikasirika nikasema haiishii popote. Akaniacha nikae na jibu hilo. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoona alichokuwa anakitafuta: ule mwanzo ni wimbo wenyewe katika kipande kidogo. Hakuna pambo la mbele ambalo baadaye linatupwa. Ukikata sekunde kumi mahali popote utakuta mbegu ileile. Mimi pale Katuba nilikuwa nimeshona koti zuri na kulivalisha wimbo ambao haukuwa na baridi.

Sisemi intro lazima iwe wimbo mzima uliopunguzwa. Kwetu kwenye rumba jambo ni gumu zaidi, kwa sababu wimbo mmoja una milango miwili.

Wasiocheza muziki wetu huenda hawajalifikiria hili. Rumba ya Kongo huanza polepole, waimbaji wanaimba, wapenzi wanashikana. Kisha, katikati au baadaye kidogo, waimbaji wanarudi nyuma na gitaa zinachukua nyumba: hiyo ndiyo seben. Wazee wengi wanampa Henri Bowane heshima ya kuifungulia njia, kwa gitaa lake kwenye Marie-Louise ya Wendo Kolosoy, mwaka 1948. Baadaye, miaka ya 1980, wakaja atalaku, wale wapiga kelele za kuchochea dansi, wakaifanya seben kuwa jambo ambalo watu hulingojea kuliko wimbo wenyewe. Kwa hiyo mpiga solo, yule wa gitaa la mbele, ana intro mbili za kutengeneza. Ya kwanza inawatoa watu vitini. Ya pili inawakuta tayari wamesimama, wamelewa kidogo, wanatoka jasho, na inapaswa kuwaambia: hamjaona bado.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonishinda miaka mingi. Bendi kubwa huwa na gitaa tatu na besi: solo, mi-solo ya katikati, na akompanyema, lile la kusindikiza. Sisi tulikuwa na solo na akompanyema tu, maana mi-solo naye anataka kulipwa. Mi-solo ndiye daraja, anakaa kati ya anayeruka na anayetembea. Asipokuwepo, mpiga solo akianza seben peke yake anasikika kama mtu aliyetoka mbio nje ya nyumba. Na mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja: nilipenda kuanza kati ya pigo na pigo, pale ambapo mguu uko hewani. Ni patamu sana pale. Lakini mpiga ngoma wetu mpya, usiku mmoja Kampemba, alilichukua pigo langu la pili akadhani ndilo moja. Akaingia. Besi ikamfuata ngoma, akompanyema akanifuata mimi, na kwa muda kama wa dakika nzima tulicheza kama mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Atalaku wetu, Mungu ambariki, alipiga kelele mara mbili ya kawaida ili watu wasisikie. Watu walisikia.

Kesho yake mpiga ngoma aliniuliza swali moja tu: "Moja yako iko wapi?" Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nilidhani kila mtu anaisikia kwa sababu mimi naisikia. Tangu siku hiyo, nikiwa nataka kuanza hewani, napiga kisigino chini kwanza, kwa nguvu, mpaka mbao za jukwaa zilie. Noti yangu ya kwanza ni kisigino. Haisikiki kwenye rekodi, lakini ndiyo inayowakusanya wenzangu. Nimeona wapiga solo wengine wanainamisha kichwa, wengine wanainua shingo ya gitaa kama mtu anayeinua bakuli. Kila mmoja na yake. Asiye na yake huyo namwogopa.

Kanisani niliingia mwaka 2011, kwa njaa zaidi kuliko kwa wito. Parokia ilitafuta mtu wa gitaa kwa ajili ya kwaya ya misa ya pili. Kiongozi wa kwaya alikuwa mama mfupi mwenye macho makali. Jumapili ya kwanza nikapiga intro yangu ya rumba, tamu, imejaa, nikawaachia nafasi. Hakuna aliyeimba. Watu 40 wamefungua midomo, hakuna sauti. Yule mama akanigeukia mbele ya waumini wote akasema kwa upole wa kutisha: "Papa, tupatie sauti moja tu."

Sauti moja. Baada ya misa akanieleza. Sauti za juu zinaanza kwenye noti fulani. Mimi nilikuwa nimezipiga noti zote isipokuwa ile, na ya mwisho niliyoacha ikining'inia ilikuwa ya akordi nyingine kabisa. Mtu aliyezoea muziki wa bendi ataruka kutoka popote. Mama aliyetoka sokoni jana, anayeimba kwa imani na si kwa nadharia, anahitaji umwekee noti yake mkononi. Akanionyesha pia ujanja wa kanisani ambao labda kila mpiga kinanda anaujua: piga mstari wa mwisho wa ubeti kuwa intro. Mstari wa mwisho hurudi nyumbani, na nyumbani ndiko wanakoanzia. Nikasogeza kapo kwenye chuma cha pili cha shingo ya gitaa, kwa sababu akina mama walikuwa wakiumia chini kule, nikapiga mstari wa mwisho, nikaacha noti yao ya kwanza iwe ya mwisho yangu. Waliingia wote kama mlango uliopakwa mafuta.

Niliwahi kuujaribu ujanja huo kwenye harusi. Haufai. Kwenye rumba ukiuonyesha mwisho mwanzoni, umewapa watu chakula kabla ya kunawa. Lakini kanuni ya noti moja nimeibeba mpaka leo: kabla sijatunga intro yoyote namwuliza mwimbaji, neno lako la kwanza liko kwenye sauti gani? Kisha natunga kwa kurudi nyuma, kutoka pale.

Kuna kipindi nilitaka kujua wenzetu wa mbali wanafanyaje. Binamu yangu alikuwa na kaseti, kisha diski, kisha simu, na kwenye simu kulikuwa na rock ya Wazungu na ya Wamarekani weusi. Vijana ninaowafundisha wote wanataka ileile ya Deep Purple, bendi ya Waingereza, ya mwaka 1972, Smoke on the Water, ambayo ilitokana na moto uliounguza kasino ya Montreux, Uswisi, Desemba 1971. Nilikuwa naidharau. Noti chache, kidole kimoja kinaweza kubana nyuzi mbili kwa pamoja, mtoto anaijua kwa alasiri moja. Halafu siku moja nikaisikiliza kwa sikio la yule mzee wa Kamalondo. Gitaa linaanza peke yake. Kisha matoazi. Kisha ngoma nzima. Kisha besi. Wanaingia mmoja mmoja, na kila anayeingia anaikuta hodi ileile, haijabadilika. Na ule ukimya mdogo kati ya sentensi na sentensi! Mle ndani ya ukimya ndimo mchi unamoangukia. Nikaacha kuidharau, ingawa siwezi kusema naipenda. Mtoto wa sita akiipiga siku hiyohiyo, mtu yeyote huchoka.

Ya Chuck Berry, Mmarekani mweusi, ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Johnny B. Goode ya mwaka 1958 inafunguka kwa gitaa tupu, sekunde chache za kukimbia, kisha bendi inaruka nayo. Nilidhani hapa nimepata mtu aliyezaliwa na intro yake. Kumbe gitaa lile karibu lote ni la Carl Hogan, aliyelipiga mwaka 1946 kwenye wimbo wa Louis Jordan. Berry alilichukua, akaliongezea moto, na dunia ikalijua kwa jina lake. Mwaka 1977 Wamarekani wakauweka wimbo huo kwenye santuri ya dhahabu iliyorushwa na vyombo vya Voyager, kwa hiyo huko gizani, mbali na sayari zote, kuna intro ya kuazima inasafiri. Papa asingeshangaa. Siku moja nilimshtaki rafiki yangu kwamba ameniibia mwanzo wangu. Akaniuliza mimi niliutoa wapi. Nikanyamaza, kwa sababu niliutoa kwake.

Sasa nije kwenye studio, maana huko ndiko nilikoshindwa vita nyingine.

Mwaka 2016 tulikusanya pesa tukarekodi nyimbo nne kwenye chumba kimoja ambacho kuta zake zilifunikwa kwa trei za mayai. Umeme ulikatika mara tatu, jenereta ikaletwa, ikawa inasikika kwenye besi, ikapelekwa nyuma ya ukuta wa jirani, jirani akaja. Hiyo nyingine. Fundi wa mitambo alikuwa kijana wa miaka 20 na kidogo, kofia imegeuzwa nyuma. Wimbo wetu wa kwanza ulikuwa na intro yangu ya sekunde 40. Nilikuwa nimeifanyia kazi miezi miwili. Tuliporudi kusikiliza, ilikuwa na sekunde 9.

Nilipandisha sauti. Nilimwambia mambo ambayo mtu mzima hapaswi kumwambia mtoto wa mwenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha simu yake na jinsi anavyosikiliza muziki: kidole kiko tayari juu ya kioo. Nyimbo zinatumwa kwa WhatsApp, zinajazwa kwenye kadi za kumbukumbu sokoni, mia kwa mia mbili kwa mara moja. Mtu akingoja sana anaruka kwenda ya pili. Hata Spotify, ile huduma ya muziki ya mtandaoni, akasema, haihesabu kwamba wimbo umesikilizwa mpaka sekunde 30 zipite. "Papa, sekunde 40 hazijafika mtu amesharuka."

Nilitaka kusema vijana mmeharibu muziki. Halafu nikakumbuka kwamba santuri za wazee wetu, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba dakika 3 hivi kila upande. Mwenda na wenzake hawakuwa na sekunde 40 za kuchezea. Waliogonga hodi ndefu ni wale wa katikati, wa santuri kubwa, wakati wimbo mmoja ulipoweza kujaza upande mzima, na mimi nilizaliwa nikiwasikiliza hao nikadhani ndivyo muziki ulivyo tangu Adamu. Yule kijana na simu yake alikuwa karibu na Likasi ya mwaka 1952 kuliko mimi.

Nikamwomba anipigie tena hizo sekunde 9. Alikuwa ameacha nini? Noti nne, zimerudiwa mara tatu, na gumba chini yake. Mapando yote na mashusho yote ameyatupa. Hakuwahi kumjua yule mama wa sombe, wala hakujua mimi ni nani nikiwa na miaka 11. Alisikia tu kipi kinamshika, akakata vilivyobaki. Sikumwambia kitu. Nilitoka nje nikasimama karibu na jenereta.

Wimbo haukuvuma. Ulipigwa kidogo hapa mjini, basi. Lakini mara moja, kwenye taxi-bus ya kwenda Kenya (namaanisha komini yetu ya Kenya, si nchi, wageni huchanganyikiwa), ulitoka kwenye redio ya dereva, na konda aliyekuwa amening'inia mlangoni akaanza kugonga bati kwa sarafu kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Aligonga pale pale. Nililipa nauli nikashuka kituo kimoja mbele ya changu, sijui kwa nini.

Siku hizi, kabla ya harusi, naenda kuuona ukumbi. Nilianza zamani, mara tu baada ya wale mashangazi. Nilirudi Katuba siku ya kazi, ukumbi mtupu, nikakaa kwenye kiti cha meza ya mwisho kabisa, nikainuka na kutembea mpaka pale wanapochezea, nikihesabu. Hatua 19. Lakini mwanamke aliyevaa kitenge cha kubana na viatu virefu haanzi kutembea papo hapo. Anamwachia jirani mkoba, anavuta nguo, anamwangalia dada yake kama naye anainuka. Nikaongeza mapigo manane ya hayo. Jumla 27, na wimbo hupenda kuhesabiwa kwa manne, basi 28, na mapigo manne ya kupumua wakishafika: 32. Mizunguko minane. Kwa mwendo wa rumba yetu ya polepole, mapigo 100 hivi kwa dakika, ni sekunde 19 na kitu. Anapofika yule wa meza ya mwisho, ngoma inaingia chini ya mguu wake, na mwimbaji ameshapewa noti yake. Mpiga akompanyema wetu ananicheka, anasema mimi ni fundi ujenzi. Lakini tangu nianze kupima, hajarudi mtu kitini.

Jumamosi ijayo tunapiga kwenye ukumbi mkubwa, upande wa Golf. Jana nilikwenda kupima. Mlinzi alinitazama nikikaa, nikiinuka, nikitembea, nikirudi, mara tatu, akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya vigae. Hatua 34, na kuna ngazi mbili za kushuka kabla ya mahali pa kuchezea. Nimeongeza mizunguko minne. Hizo ngazi bado nazifikiria.